Binamu yako si lazima awe huntha wala shoga

Umeuliza hivi: binamu yako aliyelelewa kama msichana amerudi nyumbani Ahero akisema yeye ni mwanamume, aitwe jina jipya, nawe hujui kama huyo ni huntha, shoga au ni nini. Mimi pia nilikuwa nikiyachanganya hayo hadi 2019, nilipofanya ukarani wa sensa Nyalenda, hapa Kisumu.

Ndiyo mara ya kwanza Kenya ilihesabu huntha. Kwenye kishikwambi, baada ya mwanamume na mwanamke kulikuwa na nafasi ya tatu. Katika ploti moja nilimsomea mama mmoja zote tatu. Akarudisha mlango nusu, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto wangu si shoga. Alizaliwa hivyo tu." Ushoga sikuwa nimeutaja. Nikamwonyesha ile nafasi, akaikodolea macho, kisha akasema, "Haya, andika." Nchi nzima walipatikana 1,524. Kwa milango niliyoiona ikirudishwa, siamini ni hao tu.

Huntha basi ni habari ya mwili: maumbile ya kuzaliwa ambayo si ya kiume moja kwa moja wala ya kike. Binamu yako hajazungumzia maumbile, amesema anavyojijua. Huo ndio utambulisho wa kijinsia, na mtu wa namna yake huitwa transijenda. Anampenda nani? Hajakuambia, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ndipo watu hutia maneno kama shoga na msagaji, ambayo yamekuwa matusi na mimi nimeyaacha. (Pwani, shoga ni rafiki wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake. Mama mmoja wa Mombasa alimwita muuza omena wa soko la Kibuye "shoga yangu", nusura apigwe na kopo la gorogoro.)

Kuhusu polisi, kama unahofia watamkamata: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu tendo la ngono "kinyume cha maumbile", si jina. Tena mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, apewe cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne) chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia.

Umwiteje? Kiswahili kimeshakufanyia nusu ya kazi. "Yeye", "amekuja", "amekula" havichagui mume wala mke, na Dholuo ni vivyo hivyo. Utakwama kwenye kaka na dada. Hapo muulize mwenyewe, mkiwa wawili, si mbele ya wajomba.

Kwetu, mtoto wa kaka yangu alipotuletea habari kama hiyo, tulibishana tangu chai ya saa kumi hadi ugali ukaepuliwa. Dani, bibi wa huyo mtoto, alikuwa kimya, anachambua mboga za osuga. Mwishowe akainua kichwa, akaita, "Nyakwara, niletee maji." Yaani mjukuu wangu. Akaja na kikombe.