Jibu: Asili ya jina Dariush
Uliuliza kama jina la Kiajemi Dariush linatokana na "darya", yaani bahari. Hapana ndugu, halitokani nalo. Sauti zinafanana, ndiyo maana wengi hukosea, lakini bahari katika Kiajemi cha kale ni drayah, mzizi mwingine kabisa.

Jina lenyewe limechongwa kwenye mwamba wa Behistun, Iran: Dārayavauš. Ligawe hivi: dāraya-, kushika imara, vau-, wema. Ashikaye wema. Hiyo š ya mwisho ni alama ya kisarufi tu, usiitafutie maana. Wagiriki wakasema Dareios, Warumi Darius, na Biblia ya Kiswahili ina Dario.

Dario wa Kwanza, mfalme wa Uajemi, alitawala 522–486 KK. Wa Pili aliitwa Ochus kabla ya kutawazwa, kwa hiyo Ochus huyo na Dario wa Pili ni mtu yuleyule.