Sukari nyingi, mbona unga hauumuki?

Swali: Nilikanda kilo 1 ya unga wa ngano kwa gramu 250 za sukari, gramu 10 za hamira ya chenga na gramu 20 za chumvi. Hamira nilikuwa nimeijaribu kwenye kikombe, ikatoa povu. Saa mbili zimepita, donge liko vilevile. Si sukari ndiyo chakula cha hamira?

Jibu: Ni chakula, ila umeizidisha. Sukari ya mezani haiingii ndani ya seli za hamira moja kwa moja. Hamira hutoa kimeng'enya kinachoitwa invatesi, kinachoikata kuwa glukosi na fruktosi, na hizo ndizo zinazoingia. Kila molekuli ya glukosi ikichachuka huacha molekuli mbili za alkoholi na mbili za kaboni dioksaidi, gesi inayoinua donge. Gramu 10 tu za glukosi zikichachuka zote hutoa zaidi ya lita 2.5 za gesi. Na hata usipotia sukari kabisa, vimeng'enya vya unga huvunja wanga kuwa maltosi, aina nyingine ya sukari, nayo hamira huila. Kwa hiyo gramu 250 ni za utamu, wala si za kuumulia.

Sukari hiyo yote huyeyuka kwenye maji ya donge na kuyavuta maji yatoke ndani ya seli. Seli iliyopungukiwa maji huzubaa. Sukari ikipita asilimia 10 ya uzito wa unga, utaona uumukaji unachelewa. Yako ni asilimia 25, na chumvi inafanya kazi ileile ya kuvuta maji. Povu la kikombe lilithibitisha kwamba hamira ni hai, basi. Kikombe hakina mzigo huo.

Kilo nyingine ianze hivi: changanya gramu 300 za unga, mililita 300 za maji ya uvuguvugu (nyuzi 35 hivi), gramu 20 za hamira na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Funika dakika 30 hadi 45, mpaka ujae vitundu na uanze kuzama katikati. Ndipo utie unga uliobaki, chumvi gramu 10 na maji kidogo kidogo. Sukari iingie mwisho, kwa mafungu mawili, huku unakanda. Itayeyuka na kulegeza donge, kwa hiyo usiharakishe maji. Mimi ningeishusha hadi gramu 150. Ukishikilia 250, tafuta hamira iliyotengenezwa kwa madonge matamu, na bado uipe muda mrefu zaidi.

Donge lililokwama usilitupe. Chachusha unga kidogo pembeni kwa vipimo hivyohivyo, bila sukari wala chumvi ya ziada, kisha ulikande humo.