Wakurugenzi Wananunua Hisa Zao: Je, Nami Niongeze?

Swali: Kupitia programu ya simu nilinunua hisa za kampuni moja ya Marekani yenye maduka ya samani. Zimeporomoka kutoka dola 41 hadi dola 6. Mwezi huu mtendaji mkuu na wakurugenzi wawili wamenunua, na kundi letu la Telegram linasema siri ya mtungi aijuaye kata, kwa hiyo bei haitashuka tena. Je, niongeze kwa akiba niliyobaki nayo? – Msomaji, Nairobi

Jibu: Usiongeze. Swali hili hunijia kila soko linapoanguka, na methali ni hiyo hiyo. Ni kweli mtendaji mkuu anaijua kampuni kuliko wewe na mimi. Lakini kununua kwake kunakuonyesha anachoamini tu. Hakukuonyeshi kama kampuni ina fedha za kulipa deni litakaloiva mwakani, yaani litakalofikia tarehe ya kulipwa. Watu huyachanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo akiba zinapoteketea.

Kwanza, je, wamenunua kweli? Mkurugenzi wa kampuni ya Marekani akipata au akiuza hisa za kampuni yake hujaza Fomu 4, nayo hufika SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, ndani ya siku 2 za kazi. Mtu yeyote anaweza kuisoma bure kwenye EDGAR, mfumo wa mtandaoni wa tume hiyo. Nimezifungua za kampuni yako. Ya mtendaji mkuu ina herufi P kwenye safu ya aina ya muamala: amenunua hisa 10,000 kwa fedha zake. Za wakurugenzi wawili zina herufi A, na bei ni sifuri. Hao hawakununua chochote, walipewa hisa kama sehemu ya malipo yao. Wengi hupotea hapa kwa sababu safu nyingine upande wa kulia nayo ina A, lakini hiyo husema tu kwamba hisa za mtu zimeongezeka. Herufi M ni mtu kutumia haki ya hisa aliyopewa zamani, F ni hisa zilizokatwa kulipia kodi. Ukitaka kujua nani ametoa fedha mfukoni kwa bei ya soko, tafuta P.

Kwa hiyo una mnunuzi mmoja, aliyetoa dola 60,000 hivi. Malipo yake ya mwaka yanapita dola milioni 4. Kiasi hicho anaweza kukitoa ili kuwatuliza wanahisa tu.

Makundi haya hupenda kumtaja Jamie Dimon. Februari 2016, hisa za benki zilipokuwa zimeshuka, alinunua hisa 500,000 za JPMorgan, benki ya Marekani aliyokuwa akiiongoza, kwa dola milioni 26 hivi, na bei ikapanda. Wasichokisema ni kwamba mwaka uliotangulia benki hiyo ilikuwa imepata faida ya zaidi ya dola bilioni 24. Bei ndiyo iliyoanguka, biashara ilikuwa imesimama. Kampuni yako imepata hasara miaka miwili mfululizo. Huwezi kuzipima kwa mizani moja.

Upande wa pili yuko Aubrey McClendon, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Chesapeake Energy, kampuni ya gesi ya Marekani. Huyu aliamini kwa dhati, akanunua hisa za kampuni yake tena na tena, nyingine kwa fedha za mkopo ambao dhamana yake ilikuwa hisa zenyewe. Bei ilipoporomoka Oktoba 2008, wakopeshaji walidai fedha zao, akalazimika kuuza karibu hisa zake zote, zaidi ya milioni 31, ndani ya siku chache. Aliyemfuata kwa kuwa “mwenyewe ananunua” aliangushwa na mauzo ya mtu yule yule.

Na wapo wanaonunua ili waonekane. Septemba 2001 Kenneth Lay, mkuu wa kampuni ya nishati ya Marekani, Enron, aliwaambia wafanyakazi wake kwamba alikuwa akinunua hisa za kampuni. Alikuwa amenunua kweli, za takriban dola milioni 4. Hakuwaambia kwamba katika kipindi hicho hicho alikuwa ameiuzia kampuni yenyewe hisa za zaidi ya dola milioni 20, mauzo ambayo wakati huo hayakulazimu kutangazwa mara moja. Enron ilifilisika Desemba mwaka huo. Ile kanuni ya siku 2 ilikuja na sheria ya 2002, baada ya watu kupoteza hadi pensheni zao.

Sasa rudi kwenye kampuni yako. Fungua ripoti yake ya mwaka, Fomu 10-K, uende kwenye maelezo ya madeni. Kuna jedwali linaloonyesha kiasi kinachoiva kila mwaka. Linganisha mwaka ujao na fedha taslimu zilizopo, kisha uangalie kama shughuli za kawaida zinaingiza fedha au zinazitafuna. Tazama pia kama mkaguzi ameandika kwamba ana shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea. Kampuni ikifilisika, wenye hisa hulipwa mwisho, na mara nyingi hawapati kitu, awe mtendaji mkuu au wewe. Tofauti ni kwamba yeye bado amelipwa mshahara.

Kingine ambacho hutaambiwa: sheria inamtaka mkurugenzi airudishie kampuni faida yoyote anayoipata kwa kununua na kuuza ndani ya miezi 6. Hata yule anayenunua kwa nia njema, basi, hanunui kwa ajili ya wiki ijayo. Anayekuhimiza uingie leo ili utoke Ijumaa hakusoma hata sheria inayomhusu huyo anayemtaja.

Umeniandikia kwamba kundi hilo linawatoza ada kila mwezi kwa “taarifa za ndani”. Zile taarifa ndizo Fomu 4 nilizozisoma bure, tena wao wamezisoma vibaya. Nchini Kenya, anayetoa ushauri wa uwekezaji kwa malipo hutakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake. Litafute jina la msimamizi wa kundi lako humo kabla hujalipa ada ya mwezi ujao.