Maswali ya vigae: utando wa sabuni, grauti nyeusi na asidi ya chupa

Safari hii nimekusanya maswali ya vigae peke yake. Yamekuwa mengi, na karibu yote yana kisa kimoja: mtu kasafisha kwa bidii, na baada ya kusafisha hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nimeyafupisha na majina nimeyaondoa.

Fundi, habari za kazi? Sakafu yangu ina vigae vyeupe vinavyong'aa. Nadeki kila siku kwa sabuni ya unga, lakini ikikauka inabaki na mawimbi ya weupe na kila unyayo unaonekana. Nimeongeza sabuni, bado. Tatizo ni maji yetu?

Maji yana mchango wake, hasa kama ni ya chumvi, lakini mshitakiwa wa kwanza ni hiyo sabuni. Kigae chenye tabaka la kioo juu yake hakinywi kitu. Sabuni usiyoisuuza haina pa kwenda. Inakaukia pale pale na kuacha utando mwembamba unaonata, vumbi likitua linakamatwa. Wewe unaona uchafu, unaongeza sabuni, na utando unazidi kunenepa.

Kwanza uvunje huo utando. Kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu tia kikombe cha siki, deki kipande kwa kipande, kisha rudia kwa maji matupu mara mbili. Lowesha grauti, ile mistari ya saruji kati ya vigae, kwa maji kabla ya kuanza ili isiinywe siki. Dawa hii ni ya vigae vya kauri na poseleni tu, na ni ya mara moja, si ya kila Jumamosi. Kama sakafu yako ni ya mawe, soma kwanza swali la kaunta ya marumaru hapa chini.

Baada ya hapo badilisha utaratibu. Fagia kabla ya kudeki, kwa sababu mchanga ukiburuzwa chini ya tambara unakwaruza mng'aro. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia tambara, na maji yakichafuka yamwage. Sabuni ya maji kijiko kimoja au viwili inatosha ndoo nzima. Malizia kwa kitambaa kikavu kama unataka ule mng'aro wa siku ya kwanza. Najua kijiko kimoja kinaonekana kidogo mno, na povu halitakuwepo. Povu halisafishi sakafu.

Mistari kati ya vigae vya jikoni ilikuwa ya kijivu hafifu, sasa imekuwa nyeusi. Jirani kanishauri nimwagie asidi, ile ya chupa ya kusafishia choo. Kwake ilitoka nyeupe kabisa. Unasemaje?

Nasema usiimwage, na jirani yako aache pia.

Grauti ya kawaida ni saruji iliyochanganywa na mchanga laini na rangi. Saruji imejaa kalsiamu, na asidi hula kalsiamu. Ile asidi ya chupa, ambayo mara nyingi ni haidrokloriki, haiondoi uchafu kwenye grauti. Inayeyusha ngozi ya juu ya grauti yenyewe, na uchafu unaondoka pamoja na ngozi hiyo. Ndiyo maana kwa jirani ilitoka nyeupe. Kilichobaki ni grauti yenye vitundu vingi, laini kuliko mwanzo, inayokunywa mafuta na maji machafu haraka zaidi. Baada ya muda inakuwa nyeusi tena, mtu anamwaga tena, na siku moja mistari imegeuka mifereji, maji yanapita chini ya vigae. Mvuke wa asidi hiyo pia unatia kutu koki na miguu ya chuma ya samani, na hauna urafiki na mapafu.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa ya moyoni: asidi isikutane na dawa ya klorini. Hata siki isikutane nayo. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na chooni au jikoni penye dirisha dogo gesi hiyo inaweza kuua. Dawa ya klorini isichanganywe na dawa yenye amonia pia.

Sasa kazi yenyewe. Weusi wa jikoni mara nyingi ni mafuta yaliyoshika vumbi, na mafuta huachia kwa kitu chenye ualkali. Changanya soda ya kuokea na maji kidogo iwe uji mzito, paka kwenye mistari, acha dakika kumi, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni. Usitumie stilwaya, inakwaruza kigae na vipande vyake vinaacha kutu ndani ya grauti. Kama weusi umekomaa, tafuta unga wa kung'arishia nguo usio na klorini, ule unaofanya kazi kwa oksijeni. Uyeyushe kwenye maji ya moto, mimina kwenye mistari, uache robo saa bila kukauka, sugua, suuza. Anza na eneo dogo pembeni. Ukipiga magoti sakafuni kwa nusu saa utanikumbuka kwa ubaya, lakini grauti itakuwa bado ipo.

Ikishakauka kabisa, ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo. Kujua kama inahitaji, dondosha tone la maji kwenye mstari. Likikaa juu kwa dakika kumi, bado imezibwa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, ni wakati wa kupaka. Grauti ya epoksi, ile ya gundi ya kemikali badala ya saruji, haihitaji dawa hiyo. Na kama grauti inatoka unga ukiigusa kwa ukucha, haisafishiki tena. Ikwanguliwe angalau nusu ya kina chake, itolewe vumbi, ndipo ijazwe mpya. Grauti mpya iliyopakwa juujuu ya kuukuu hubanduka.

Shikamoo fundi. Kaunta yetu ni ya jiwe la marumaru. Kipande cha ndimu kililala juu yake usiku kucha, likabaki duara lisilong'aa. Nimelisugua kwa siki ili litoke, naona limezidi.

Marahaba. Limezidi kwa sababu hilo si doa. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na ndimu imelila jiwe lenyewe. Siki ikaja kumalizia kazi ya ndimu. Hakuna cha kuondoa hapo, kuna cha kusawazisha. Kama ni hafifu, ipo poda ya kung'arishia marumaru inayosuguliwa kwa kitambaa chenye maji. Kama ukipitisha kidole unahisi shimo, ita fundi wa mawe mwenye diski za almasi.

Kwa wengine wasiojua jiwe lao ni lipi: weka tone moja la siki mahali pa kificho. Likitoa vipovu, au ukilifuta ukaona pamepoteza mng'aro, jiwe ni la jamii ya chokaa, na tangu leo siki, ndimu na dawa za choo ni haramu kwake. Maji na sabuni laini vinatosha.

Bafuni kwetu kona zote zina ukungu mweusi. Tunasugua, unaondoka, wiki mbili umerudi. Kuna dawa ya kuumaliza?

Dawa ya kuua ukungu ipo. Ya kuuzuia usirudi ni hewa. Changanya sehemu moja ya dawa ya klorini na kumi za maji, paka kwa brashi, acha dakika kumi, suuza vizuri. Dirisha liwe wazi na mikono iwe na glovu. Kisha badilisha mazoea: baada ya kuoga, vuta maji ya ukutani kwa kifutio cha mpira na acha dirisha au feni ikaushe. Ukungu hauli kigae. Unakula mabaki ya sabuni na mafuta ya ngozi, na unahitaji unyevu.

Ila angalia kona zenyewe zimejazwa nini. Pale ukuta unapokutana na ukuta, au ukuta na sakafu, panatakiwa silikoni, si grauti, kwa sababu sehemu hizo husogea na grauti haivutiki. Grauti ya kona hupasuka, maji yanaingia, na ukungu unaota kwa nyuma ambako brashi haifiki. Silikoni nayo ikishapenywa na weusi haisafishiki. Ikatwe kwa kisu, ukuta ukaushwe siku nzima, iwekwe mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya bafu.

Usiku tulisikia mlio mkubwa sebuleni. Asubuhi tukakuta vigae vimeinuka, vimeegemeana. Nyumba bado mpya. Fundi aliyejenga anasema tulinunua vigae vibovu. Ni kweli?

Inawezekana, lakini mimi ningemuuliza yeye maswali kwanza.

Sakafu haitulii. Joto hutanua vigae, zege lililo chini husinyaa kadiri linavyokauka, na nyumba mpya ndiyo yenye zege linaloendelea kukauka. Vigae vikiwa vimebanwa ukuta kwa ukuta bila nafasi, nguvu hiyo inasukumana mpaka ipate pa kutokea, na pa kutokea ni juu. Ndiyo mlio mliousikia. Kinga yake ni kuacha nafasi ya milimita 6 hivi kando ya kuta zote, ile inayofichwa na skatingi, na kwenye sakafu kubwa kuacha maungio laini ya silikoni. Miongozo ya ufungaji vigae inayotumika Marekani inataka maungio hayo kila mita 6 hadi 7.5 ndani ya nyumba, na kila mita 2.4 hadi 3.7 mahali panapopigwa na jua au maji.

Swali la pili ni gundi. Geuza kigae kimoja kilichoinuka utazame mgongo wake. Ukikuta mabonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati, umepata jibu. Kigae kinapaswa kushikwa angalau asilimia 80 ya mgongo wake katika sehemu kavu, na asilimia 95 bafuni na nje. Na mgongo ukiwa safi kabisa, bila gundi yoyote, huenda gundi ilishaanza kukauka kabla kigae hakijawekwa, au vigae viliwekwa na vumbi lake la kiwandani.

Vilivyoinuka msivigonge virudi chini. Viondoeni, kisha gongeni sakafu yote taratibu kwa sarafu au mpini wa bisibisi. Sauti nzito ni nzuri. Sauti tupu maana yake hakijashikwa, kiwekeeni alama. Vikiwa vichache na vimetulia, vinaweza kukaa. Vikiwa eneo zima, kutengeneza pale palipoinuka tu ni kuhamisha mlio kwenda upande mwingine wa sebule.

Vigae vya kibarazani vinateleza mvua ikinyesha. Nimepaka dawa ya kung'arisha sakafu, vikazidi. Nifanyeje bila kubomoa?

Ondoa hiyo dawa yote kwanza kwa dawa ya kuvulia nta, sugua, suuza. Vikiendelea kuteleza, kuna vimiminika vinavyopakwa kuongeza ukali wa uso wa kigae, au utepe wa mchanga kwenye ngazi. Siku ukinunua vingine, tafuta alama ya R kwenye boksi. Inaanzia R9 hadi R13, namba ikipanda utelezi unapungua. Kibaraza kinachonyeshewa kisiwe chini ya R11.

Friji limeacha duara la kutu, na mtoto kachora ukuta wa jikoni kwa kalamu. Sabuni imeshindwa vyote viwili.

Wino: spiriti kwenye kitambaa cheupe, panguza bila kuusambaza, kila mara kwa upande msafi wa kitambaa. Vigae vya poseleni vilivyosuguliwa hadi kung'aa vina vitundu vidogo ambamo wino hujificha, basi huko ufunike kwa pamba yenye spiriti kwa dakika chache kabla ya kupanguza. Hakikisha jiko limezimwa, spiriti hushika moto.

Kutu: dawa yenye asidi ya oksaliki, kwa glovu, dakika chache, kisha maji mengi. Si kwa mawe. Soma kibandiko kabla ya kununua. Ukiona haidrofloriki, rudisha rafuni. Hiyo hula kioo, maana yake itakula tabaka la juu la kigae, na ikigusa ngozi hupenya ndani bila kuuma sana mwanzoni, ikafika mpaka mifupani. Si kitu cha kuweka kwenye nyumba yenye mtoto anayechora kuta.

Friji liwekee vikombe vya plastiki chini ya miguu.

Kigae kimoja kimepasuka katikati ya sakafu. Naweza kukibadilisha mwenyewe?

Unaweza, ukiwa na miwani ya kukinga macho na huna haraka. Kwangua grauti pande zote nne kabla ya kitu kingine chochote. Ukiiacha, kila pigo la nyundo litawafikia majirani zake. Toboa matundu katikati kwa drili, kisha patasi ianzie hapo ikielekea pembeni, kamwe isitoke pembeni kuja ndani. Gundi kuukuu ikwanguliwe yote, la sivyo kigae kipya kitakaa juu kuliko wenzake na kila mtu atakikwaa. Weka gundi kwa mwiko wenye meno, bonyeza, pima usawa, acha saa 24 ndipo utie grauti.

Kama hukubakiza akiba, chungulia chini ya kabati la jikoni au nyuma ya mashine ya kufulia. Mara nyingi kipo kimoja pale ambacho hakuna atakayekikosa. Ukienda dukani nenda na kipande kilichovunjika, kwa kuwa vigae vya jina moja hutofautiana rangi na hata ukubwa kutoka mkupuo mmoja wa kiwandani hadi mwingine. Namba za mkupuo, za rangi na za kipimo, zimeandikwa ubavuni mwa boksi.