Barua kwa Mwanangu: Jicho la Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unaniuliza sitiari ipi ni ya kweli: ile ya kwamba macho ni dirisha linalotuonyesha ulimwengu kama ulivyo, au ile ya Donald Hoffman, mwanasaikolojia wa Marekani, anayesema kwamba tunachokiona ni kama alama za kwenye skrini ya kompyuta, ambazo zinaturahisishia kazi huku zikituficha yanayoendelea ndani ya mashine.

La dirisha sitalitetea. Tangu mwanaastronomia Johannes Kepler alipoeleza, mwaka 1604, kwamba taswira hutua nyuma ya jicho ikiwa imepinduliwa juu chini, dirisha hilo lilikwisha kupasuka. Tena kila jicho lina sehemu isiyoona kitu, pale unapoanzia mshipa wa fahamu wa kwenda kwenye ubongo, na bado hakuna anayeliona tundu hilo angani. Lakini kila ninapoifikiria skrini, namkumbuka marehemu babu yako.

Unakumbuka alivyokuwa akimlalamikia mama yako kwamba mashuka yake hayatakati. Mtoto wa jicho alikuwa ameifanya lenzi kuwa ya manjano, ikawa inazuia mwanga wa buluu, na kwa kuwa mabadiliko hayo yalikuja polepole, yeye hakuwa na sababu ya kulishuku jicho lake. Kisha akapasuliwa jicho la kulia, la kushoto likisubiri zamu yake. Bandeji ilipotolewa, aliketi kitandani akaziba jicho moja kwa kiganja, akaziba la pili, akarudia: jeupe, manjano, jeupe, manjano. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na daktari akamsihi asijisugue. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu, “Sasa shuka lenyewe ni lipi?” Furaha ya swali lile haijanitoka mpaka leo.

Umenisikia nikisema mara nyingi, nami nasema tena: tunachopokea ni ishara, si nakala. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza hilo mwaka 1878, kwamba ishara haihitaji kufanana na kitu chake, ilimradi kitu kilekile, katika hali ileile, kilete ishara ileile. Ishara inaweza kukaguliwa, na babu yako aliikagua kwa kiganja chake.

Hata hivyo, siwezi kujidanganya kwamba jicho lililotibiwa ndilo lililoliona shuka lenyewe. Nyuki huona mwanga wa urujuanimno, ambao lenzi zetu huuzuia. Kwake yeye shuka lile lingekuwa kitu kingine kabisa. Hapo nakaribia kumkubali Hoffman, kisha najizuia, kwa maana hoja yake imejengwa juu ya mageuzi ya viumbe, kwamba yalitupa macho ya kutusaidia kuishi, si ya kuuona ukweli, na mageuzi hayo tumeyajua kwa macho haya haya anayotuonya tusiyaamini. Najua yeye hujibu kwamba anategemea hisabati, wala si macho, na jibu hilo lina uzito.

Natamani sana kukuandikia kwamba skrini imeshindwa. Ninachoweza kusema ni kwamba macho mawili yaliyotofautiana yalitufichulia kasoro ya lenzi, ingawa hayakutuonyesha shuka lisilotazamwa na jicho lolote. Niandikie jinsi mtu wa skrini angeueleza ugunduzi ule wa babu yako bila kukiri kwamba kuna kitu cha kweli alichokigusa.

Baba yako