Re: Kasino inakuja mjini kwetu Ontario, tunaweza kuzuia?

Habari ndugu. Unauliza kama baraza la mji linaweza kukaribisha kasino bila kuwashirikisha wakazi. Haliwezi. Kanuni 81/12 ya jimbo letu la Ontario, Kanada, inalitaka kwanza likusanye maoni ya wananchi na kupitisha azimio la kuunga mkono, na liiandikie OLG (shirika la serikali ya Ontario la bahati nasibu na kasino) jinsi lilivyokusanya maoni hayo na lilichoambiwa. Lakini kura ya wananchi wote si lazima, hapo ndipo wengi hujidanganya.

Anza kwa karani wa mji: azimio limeshapita? Kama bado, jiandikishe kuzungumza. Mimi nilichelewa, dodoso la mtandaoni likawa limefungwa, nikabaki na dakika zangu chache kikaoni. Zilitosha kuingia kwenye kumbukumbu. Na kuzuia kunawezekana: Toronto, Mei 2013, madiwani walikataa kasino mpya kwa kura 40 dhidi ya 4.