Riba ikipanda, gawio la mfuko wa majengo linakuwaje?

Swali: Nipo Ngamiani, Tanga. Nina hatifungani ya kijani (mkopo wa kugharimia miradi ya mazingira) ya mamlaka ya maji, Tanga UWASA, inayolipa asilimia 13.5 kwa mwaka. Jamaa ananishauri akiba iliyobaki niiweke kwenye mfuko wa uwekezaji wa majengo, wenyewe wanaita riti, kwa hoja kwamba nyumba haishuki bei. Uchumi ukiyumba, gawio linaathirikaje?

Jibu: Ndugu yangu, nyumba inaweza kubaki na bei yake na kipande cha mfuko, yaani sehemu yako ya umiliki, kikashuka. Anza na hiyo hatifungani yako, maana ndiyo mizani. Tuseme kipande kinalipa gawio la shilingi 90 kwa mwaka. Wanunuzi wakiridhika na asilimia 9, watakinunua kwa shilingi 1,000. Hatifungani zikianza kulipa zaidi, nao wakadai asilimia 12, kipande kilekile hakizidi shilingi 750. Jengo halina ufa, wapangaji wamo, lakini robo ya thamani imekwenda. Marekani iliyaona hayo mwaka 2022, riba ya benki kuu yao ilipopandishwa kwa kasi kutoka karibu na sifuri: riti zilipoteza takriban robo ya thamani.

Pigo la pili ni deni, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Chukua mfuko wenye majengo ya shilingi bilioni 10, na bilioni 4 kati ya hizo ni mkopo. Pango linaingiza bilioni 1.2 kwa mwaka. Ulinzi, bima, matengenezo na ada ya meneja vinakula milioni 300. Zinabaki 900. Riba ya asilimia 14 inachukua 560, wenye vipande wanagawana 340. Riba ikifika asilimia 16 inachukua 640, wanabaki na 260: karibu robo ya gawio imekatwa. Sasa rudisha riba kwenye 14, lakini fremu zikae wazi hadi sehemu ya kumi ya pango ipotee. Milioni 120 hazipo, mlinzi bado anadai mshahara wake, na gawio linabaki 220, pungufu kwa asilimia 35. Na tazama vizuri: mfuko huu umekopa kwa asilimia 14 ili kumiliki majengo yanayoingiza asilimia 9 ya thamani yake. Mkopo wa hivyo unakula faida hata uchumi ukiwa shwari.

Riba ya Benki Kuu ya Tanzania ilianza na asilimia 5.5 Januari 2024, ikapanda hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, ikashuka hadi asilimia 5.75 Julai 2025. Usitegemee riba ya mkopo wa mfuko ishuke siku hiyohiyo; mabenki hayana haraka ya kupunguza. Uliza kama riba ya mkopo ni ya kudumu au inayobadilika, na mkopo unaiva lini, yaani unatakiwa kulipwa wote.

Mfumuko wa bei? Pango hupanda nao pale tu mkataba unaposema hivyo. Mkataba wa miaka mitano usio na kipengele cha nyongeza ni hasara ya polepole. Zamani wenye majengo walikimbilia pango la dola. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni nchini.

Kwa Tanga, pima wapangaji wanatoka wapi. Aliyepanga kwa ajili ya ujenzi wa bomba la mafuta la Chongoleani ataondoka kazi ikiisha. Ghala linalotegemea mizigo ya bandari lina maisha marefu zaidi, ingawa nalo huyumba mizigo ikipungua.

Kuhusu kuuza: Fahari, riti ya Kenya, iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2015 kwa shilingi 20 za Kenya kwa kipande. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kutoka kwa shilingi 11, na mwaka 2024 ikaondolewa kwenye soko kuu. Hapa kwetu, Faida Fund ya Watumishi Housing isikuchanganye: mwendeshaji ana majengo, lakini mfuko huo si riti.

Kabla ya kulipa, omba taarifa ya fedha iliyokaguliwa na utafute mstari wa ongezeko la thamani ya majengo. Faida ya mstari huo ni ya kwenye karatasi. Iondoe, kisha uone kama fedha taslimu za pango zinatosha kulipa gawio walilotangaza.